Posa Tuliyokataa Kuikata

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi mmoja mdogo wa maigizo mtaani Koekelberg, huku ughaibuni, mkurugenzi alinipa kiti kigumu na cheo cha mwongozaji msaidizi. "Maman, hapa tunachekesha batu," alisema. "Donc, tunafanya kazi sana." Nilifanya kazi sana, hadi nikawa mwongozaji kamili.

Mchezo nilioupenda kuliko yote ulikuja karibu na kustaafu: kufufua komedi ya zamani ya Kiingereza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Kijana anakuja kuposa. Mama wa binti anamhoji ukoo, mali, hata anavyolala. Tulianza na italienne, yaani kusema maneno yote mbio bila kuigiza, ili ulimi uzoee. Kisha nikafundisha kituo, kile kimya kifupi ambamo mwigizaji humwachia mtazamaji nafasi ya kucheka.

Mkurugenzi alitazama mazoezi, akakunja uso. "Hii scène ya posa ni murefu. Batu ba leo banachoka mbio. Ukate nusu."

"Papa, hapana. Batu ba leo bangali banaoa."

"Alors, onyesho la kwanza likilala, ninaondoa muchezo yote."

Nikakubali sharti hilo. Mama wa binti aliigizwa na Maman Espérance, Mrundi aliyekuwa akihudumia wagonjwa kule mtaa wa Woluwe. Nilimwomba jambo moja tu: asijaribu kuchekesha. Amhoji kijana kama mzazi anayeogopa kweli kumpoteza mwanawe.

Usiku wa onyesho, mwanzo wote ulipita bila mtu kucheka. Ndipo Espérance akamtazama mposaji kuanzia viatuni hadi utosini, akauliza, "Na kwenu, nani anapika?" Akaweka kituo. Kijana akameza mate. Mwanamke wa safu ya mbele akashindwa kuvumilia: "Usimupe mutoto, maman!"

Espérance hakutoka katika uhusika wake. Akageuka polepole. "Subiri, dada. Sijamaliza kumuuliza."

Ukumbi ukalipuka. Mkurugenzi alinikuta nyuma ya pazia, akipangusa macho. "Bon. Usikate hata neno moja."

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Auderghem. Vijana wa fani huniuliza mchezo wa kale unafanywaje upya. Nawajibu: msikimbilie kuuvalisha jinzi na kuushikisha simu. Tafuteni wahusika wanaogopa nini. Hofu ya mzazi haijazeeka.

Juzi nilikwenda kuutazama mchezo wetu wa posa, sasa ukiongozwa na mwingine. Bibi aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, "Maman, huyu kijana ataoa kweli?"

"Sijui," nilimjibu, tukainama mbele pamoja.