Loveday Trembath na Matambara ya Kisimani

Kanisa letu la Trewarne lina madirisha yanayong'aa hata siku za mvua, na mng'ao huo wote ni kazi ya Loveday Trembath. Alizaliwa katika nyumba inayopakana na kanisa, akabatizwa humo, akamuaga marehemu mumewe humo, na tangu usichana wake ndiye anayelifagia. Ukimwuliza imani yake atakwambia ni Mmethodisti. Mimi niliyemjua maisha yangu yote nakwambia imani yake ni sabuni.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, Mchungaji Nance, msimamizi wa makanisa ya wilaya, alikuja kutuambia kwamba kanisa litauzwa. Watu wa London wangeligeuza nyumba ya likizo. Siku hiyo tulikuwa wachache, kila mmoja kwenye benchi la ukoo wake, mbali na mwenzake kama watu waliogombana, na baadhi yetu tulikuwa tumegombana kweli.

"Uamuzi bado," Nance akasema. "Tukiona dalili ya uhai kabla ya sikukuu ya mavuno, hatutaliuza. Lakini jamani, tokeni nje! Huko nje wako watu wanaomtafuta Mungu na hawataki hata kulisikia neno kanisa. Wafuateni."

"Wako wapi?" akauliza Loveday. Uso wake ulikuwa mweupe kama shuka zake.

"Kisimani, kwa mfano."

Kisima cha Mtakatifu Kerra kiko bondeni, na juu yake umeinama mti wa miiba. Hao wanaotafuta huchana kipande cha nguo, wakakichovya majini, wakakifunga tawini kwa ajili ya ugonjwa au huzuni. Hawasali kwetu wala kwa Wakatoliki wala popote palipo na viti. Nawajua, kwa sababu mmoja wao ni Willow, na Willow ndiye aliyemchukua mume wangu, Denzil. Alianza kwa kumgongea bakuli la shaba karibu na mgongo uliokuwa ukimsumbua. Bakuli likalia, mgongo ukapona, mgongo na mwenyewe wakahamia kwake. Mgongo huohuo mimi niliukanda kwa mafuta miaka yote ya ndoa, na haukupata kupona hata siku moja.

Kwa hiyo Loveday aliponiambia twende kisimani, nilimjibu, "Nenda wewe, mpenzi. Mimi nikimwona yule mwanamke nitamzamisha, na hautakuwa ubatizo."

Kwetu kila mtu ni mpenzi, hata muuza samaki, kwa hiyo msinielewe vibaya.

Akaenda peke yake, na mikate ya zafarani kapuni. Hakukuta mtu. Jioni akaja kwangu anahema, mikate ameiacha juu ya jiwe na kapu limefurika kitu kingine.

"Hester, ungeona! Matambara, mpenzi, mti mzima! Yameota ukungu. Mengine yana konokono. Nikasema, maskini, kumbe hawa watu hawana hata wa kuwafulia."

"Umeyatoa?"

"Yote. Si tumeambiwa tuwafuate? Mtu anaanza na anachokiweza."

Kwa nini yaliachwa pale mtini, wakati huo mimi pia sikujua. Katika nyumba zetu kisima kile hakikutajwa, sawa na pombe.

Aliyachemsha yale matambara kwa dawa ya madoa mpaka rangi zote zikatoka, akayaanika, akanikabidhi pasi. Nilipofika katikati ya lundo nikakuta kipande cha pajama ambayo niliishona kwa mkono wangu, na upindo wangu bado uko pembeni. Nikakitia wanga. Nikakitia tena.

"Inatosha, Hester," akasema Loveday. "Kitasimama chenyewe hicho."

Asubuhi akaenda kutundika tangazo mtini: NGUO ZENU ZIKO KANISANI, SAFI. JUMAPILI CHAI IPO.

Jumapili wakaja. Sijawahi kuona kanisa letu limejaa vile, wala limekasirika vile. Mchungaji Nance, aliyekuja kutafuta dalili za uhai, alizikuta zikipiga kelele mlangoni. Mbele alikuwa Willow na shanga zake zote, na nyuma yake Denzil, akijaribu kujificha nyuma ya mwanamke mwembamba.

"Mnajua mlichokifanya?" Willow akasema. "Kile kitambaa kinatakiwa kioze! Kikioza, ugonjwa unaoza nacho. Nyinyi mmetufulia magonjwa yetu!"

"Na kuyapiga pasi," nikaongeza, nisije nikanyimwa sifa yangu.

Mzee mmoja kati yao alianza kukohoa, akajishika kifua, akatutazama kwa lawama.

Loveday alishika ukingo wa benchi. Tangu azaliwe alikuwa hajasikia habari ya kitu kitakatifu kinachofanya kazi kwa uchafu. Kanisa lake lilikuwa linamponyoka kwa mkono wake mwenyewe, na Nance anaangalia.

"Nisameheni," akasema. "Sikujua. Kaeni, jamani. Hester, washa maji. Kila mtu aje achukue chake."

Kwetu mtu akiaibika hadharani tiba ni chai, na hata wale hawakuweza kuikataa, maana nao ni wa hukuhuku. Wakajipanga. Lakini vitambaa vyote vilikuwa vyeupe sasa, na hakuna aliyekijua chake. Loveday akamwuliza mwanamke wa kwanza, kijana mwenye koti la mvua:

"Chako kilikuwa cha nini, mpenzi?"

Alitaka kujua kama ni cha shuka au cha gauni. Yule mwanamke akajibu, "Cha mwanangu. Alizaliwa hapumui."

Loveday hakusema lolote la dini. Alisema tu, "Pole, mpenzi," akatafuta kile kidogo kuliko vyote, akamwekea mkononi, akamshika mkono huo mpaka chai ikapoa.

Baada ya hapo hakuna aliyetaja shuka. Wakaja mmoja mmoja. Cha nini? Cha kifua. Cha dada yangu, hatusemezani. Cha usingizi. Watu wetu wakaanza kuhama mabenchi ya koo zao, wakasogea mbele ili wasikie, jambo ambalo mahubiri hayajawahi kulifanya.

Ikafika zamu ya Denzil.

"Chako cha nini, Denzil?"

"Cha mgongo," akanong'ona.

"Cha pajama!" nikasema nikiwa penye birika. "Nimeishona mimi! Na mgongo si ulipona?"

"Ulirudi, Hester."

"Basi heri huo mgongo. Wewe hujui kurudi."

Walicheka wote, Nance akajifanya anakohoa. Willow hakucheka. Denzil alikichukua kitambaa chake, akajaribu kukitia mfukoni, kikakataa kukunjika, akatoka nacho mkononi kama kipande cha ubao.

Chai ilipokwisha Nance akawauliza wageni kama wangependa kuja tena.

"Hatutaki mahubiri," Willow akasema.

"Wala sisi," akasema mzee Jago wa benchi la nyuma, na hilo lilimuumiza Nance kuliko yote.

Yule mwenye koti la mvua ndiye aliyepata njia. Uani mwa kanisa namo mna mti wa miiba, kando ya mlango. Wangefunga vitambaa pale, wakaingia ndani kukaa pamoja, na Loveday akawauliza kama alivyowauliza leo. Ila kwa sharti moja: asiviguse.

Macho yote yakamgeukia Loveday.

"Hata kuvikung'uta?" akauliza.

"Hata kuvikung'uta."

"Konokono je?"

"Waache."

Alitazama madirisha yake. Akatazama mlango ambao ameufuta maisha yake yote, akaona yatakayoning'inia kando yake, ukungu na vyote.

"Haya," akasema. "Yaoze."

Sikukuu ya mavuno ilipita na kanisa halikuuzwa. Watu wa London wamenunua ghala la jirani. Juzi upepo ulikuwa mkali, na nilipokuwa nikipita nikamwona Loveday uani. Tambara moja lilikuwa limeanguka njiani, jeusi, linateleza. Aliliokota kwa vidole viwili, akageuza uso kando. Alisimama nalo kitambo, na karai lake la maji ya moto liko hapo hapo miguuni, linafuka mvuke. Kisha akalifunga tena tawini, fundo juu ya fundo, akaingia ndani kunawa, na alinawa muda mrefu sana.