Nafasi za Kuitikia

Mama yangu hakuwahi kuizoea simu. Aliongea nayo kama amesimama mlangoni kwa mtu: anasalimu kwanza, kwa Kifipa, halafu ananyamaza, anangoja aitikiwe. Tulimwambia mara nyingi kwamba ujumbe wa sauti hauna mtu ndani, unasema yako yote kisha unatuma. Akatujibu kwamba kummwagia mtu maneno kabla hajaitikia salamu ni tabia ya walevi. Kwa hiyo kila ujumbe aliomtumia baba ulikuwa na mapengo. Salamu, kimya. Umeamkaje, kimya. Mguu unaendeleaje, kimya kirefu, maana baba akiulizwa habari za mguu wake huwa anaeleza.

Siku hizo baba alikuwa mlinzi wa ghala la mahindi Kasesya, mpakani. Kupiga simu kule kulikuwa balaa. Ukisogea kidogo tu simu inakamata mtandao wa Zambia, na vocha inayeyuka kabla hujamaliza kusalimia. Ndiyo maana wakahamia kwenye sauti. Mama alirekodi asubuhi, uani kwetu kijijini Kate, huku anapepeta ulezi. Unausikia ungo na kuku wakigombania punje zilizodondoka. Mimi alikuwa akinipigia, mambo yangu na yeye yalikwisha haraka. Sauti zote alimtumia baba.

Mama alipofariki na matanga yakaisha, simu yake ilikwenda kwa mama mdogo pamoja na vitenge. Mama mdogo akafuta kila kitu ili aanze upya. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi siku ile nilikuwa nalilia vitenge.

Baba aliacha kazi akarudi Kate. Msimu uliofuata nilikwenda kumsaidia kupalilia, na asubuhi moja nikirudi kisimani nikamsikia mama anasalimia. Ndoo ilinitoka kichwani. Nikazunguka nyumba, nikamkuta baba kwenye kigoda, simu juu ya goti, anamwitikia. Mama akinyamaza, baba anajibu. Mama akiuliza habari za mguu, baba anaeleza, na anamaliza pale pale mama anapoanza tena. Alikuwa amekariri urefu wa kila kimya. Aliponiona akaitia simu mfukoni, akakohoa, akaniuliza kama kisimani kuna foleni. Hatukuligusa jambo lile. Ilikuwa siri yake na mke wake, na mimi nilikuwa mtoto wao tu.

Sasa niseme juu ya simu yenyewe, na hapa nina hasira, mnisamehe. Haikuwa na tatizo lolote. Kioo kizima, chaji inakaa, sauti inatoka. Lakini siku moja programu ya meseji ikamwandikia baba kwamba kuanzia tarehe fulani haitafanya kazi tena kwenye simu hiyo, asasishe. Akabonyeza pa kusasisha, akaambiwa simu yake ni ya zamani mno, haipokei tena. Yaani huku anaamriwa, huku anakataliwa. Baba ana baiskeli aliyoinunua kabla sijazaliwa. Inapanda kilima na gunia la mahindi nyuma, na hakuna mtu yeyote, popote alipo, aliyewahi kumwandikia kwamba mwezi ujao haitatembea. Ukiharibika mnyororo unanunua mnyororo. Hawa wa simu wanakaa huko waliko, wanaamua kitu kizima mikononi mwako kimezeeka, na hawakuulizi umeweka nini ndani.

Mume wangu ni fundi simu, ana kibanda chake Mazwi, mjini Sumbawanga. Ni Msukuma, wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, na Kifipa chake kinaishia kwenye kuomba maji. Yeye na baba wanapendana kwa namna ya wakwe: kila mmoja anamkwepa mwenzake kwa adabu. Baba akija kwetu, mume wangu hakai kiti kinachotazamana naye. Wakitaka kuambiana jambo wanapitia kwangu, hata tukiwa watatu sebuleni. "Mwambie baba chai isipoe." "Mwambie mkwe nimeshiba." Nilizoea kuwacheka, nikiwaambia siku nikiugua koo mtakufa njaa.

Tarehe ile ilipokaribia, baba alipanda basi akaja Mazwi bila kunitaarifu. Mimi nilikuwa bondeni, kwenye harusi ya shemeji yangu, mahali ambapo mtandao unautafuta juu ya kichuguu. Wakakutana wawili kibandani, na mtu wa kati hayupo.

Mume wangu ndiye aliyenisimulia, kwa furaha, niliporudi. Alimwambia baba kwamba waliotengeneza simu hiyo wameshaitupa, hawaipi tena apdeti, ila yeye anaweza kuipandishia mfumo mpya kwa njia zake, na programu ya meseji itakubali. Shida ni moja, itafuta kila kilichomo.

"Baba, samahani, humu kuna kitu chochote cha maana? Picha? Meseji? Niziweke pembeni kwanza."

"Hakuna, mkwe. Ni mambo ya kizee tu. Wewe futa."

Akinisimulia hayo nilikuwa bado nimesimama na begi langu mkononi. Nikamuuliza kama alifuta. Akasema alifuta, na simu sasa ni nyepesi ajabu, mzee ameondoka anatabasamu. Nikasema nimechoka na safari, nikaingia ndani kulala, na sikulala.

Nilikwenda Kate mwisho wa wiki. Baba alikuwa anarekebisha uzio wa kuku. Nilijaribu kuzunguka zunguka, mwisho nikamuuliza wazi: kwa nini hukumwambia?

"Ningemwambiaje?" akasema. Hakunitazama. "Angetaka azisikie, ajue ni zipi. Mama yako mle ndani ananitania. Ananiita majina. Mkwe asikie sauti ya mama mkwe wake inaita vile?"

"Baba, angezihamisha bila kusikiliza hata moja. Angemaliza kabla chai haijapoa."

Akakaza waya, akaukata.

"Nilidhani zinakaa kwenye laini," akasema. "Majina ya watu yanakaa kwenye laini. Nimebadilisha simu mara zote na majina yapo. Nikajua akifuta simu, laini si ninayo? Nikafika hapa, nikaiweka, nikatafuta." Akaweka koleo chini. "Mama, usimwambie mkwe. Alifanya kazi nzuri. Alinisaidia. Akijua ataona aibu kuja hapa, na mimi nitaona aibu kwenda kwake."

Nilimwahidi. Nililia njia nzima ya kurudi Sumbawanga, dirishani, na mwanamke niliyekaa naye akanipa kitambaa bila kuuliza msiba ni wa nani. Ningemjibu nini? Mama yangu alikuwa amekwisha kuzikwa, na huku ndiyo kwanza nimetoka kumzika.

Siku chache baadaye, asubuhi, tukiwa tunakunywa chai, simu yangu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa baba. Hajawahi kunitumia sauti maishani mwake; nadhani alibonyeza bila kujua, vitu kwenye mfumo mpya vimehama mahali pake. Nikafungua.

Kuku. Upepo. Halafu sauti ya baba, kwa Kifipa, inaitikia salamu. Kimya. Ameamka vizuri. Kimya. Mguu, akasema, unauma asubuhi tu, jua likitoka unaachia, jana alitembea mpaka kanisani bila fimbo. Kimya kirefu, cha mtu anayesikiliza. Kisha akacheka kidogo, kama aliyetaniwa.

Mume wangu aliacha kikombe, akainamisha sikio, uso wake umejaa furaha ya kazi yake.

"Unasikia ilivyo safi?" akasema. "Simu waliyoitupa wenyewe! Mzee anasemaje?"

Nikamwambia, anatusalimia.

"Sasa mjibu basi," akasema. "Usimwache mtu mzima anangoja."

Nikaichukua simu, nikabonyeza pa kurekodi, nikafungua mdomo kumsalimia baba yangu kwa Kifipa, na sauti haikutoka. Kilichokwenda Kate ni kimya kitupu, na baba alikiitikia.