Mistari Miwili ya Fundi Baiskeli

Fundi baiskeli alikuwa na mdomo usiojua likizo. Hata alipojitolea kwenye majaribio ya chanjo ya Ukimwi, alileta mzaha: wengine wanachomwa chanjo, wengine maji ya chumvi, na kwa bahati anayoijua yeye, lazima kapewa maji. Nani kachomwa nini hakuna aliyejua pale kliniki, hata nesi mwenye sindano.

Nesi alimwonya waziwazi: mwili uliochanjwa unaweza kudanganya kipimo cha haraka, ukaonekana una virusi ilhali hauna, kwa hiyo asipimwe kwingine. "Sawa dada," fundi akaitikia. Likaingia sikio hili, likatokea lile.

Baadaye akapata mchumba, mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache. Huyu alitaka wapimwe wote wawili kabla ya kwenda kwa wazee. Fundi, mapenzi yamempanda kichwani, ndiye aliyetangulia mlangoni pa zahanati ya jirani. Kipimo cha mpishi kikatoa mstari mmoja. Cha fundi, miwili: ana virusi.

Fundi aliogopa kwanza, ndipo akakumbuka onyo la nesi. Akaanza kueleza habari za chanjo, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kunuka uongo, maana hakuwahi kumgusia mchumba wake jambo hilo.

"Kila mwanamume ana hadithi yake," mpishi akasema. "Yako angalau ni mpya. Nipeleke kwa huyo nesi."

Nesi akashika kiuno. "Fundi, tulikuambia nini? Sasa ukikutwa huna kirusi, hata mimi nitajua ulichomwa nini, na sikutakiwa kujua." Akamtoa damu kwa kipimo kingine, kile kinachosaka kirusi chenyewe. Majibu yangechukua siku kadhaa.

Siku hizo fundi hakumtania mteja hata mmoja. Alimpenda yule mwanamke, na kumpoteza kwa jambo la heri kama kule kujitolea kulimuuma. Jioni mpishi alipita, akasalimu kwa mbali, akaenda zake.

Majibu yakaja: kirusi hakuna; kumbe alichomwa chanjo, si maji. Fundi alicheka mpaka machozi, na nesi naye. Mpishi alishusha pumzi tu. Walipotoka nje, akaketi kwenye benchi.

"Mbona ulinificha?"

Fundi akatafuta mzaha, akaukosa. Akamweleza kwamba alikuwa na kaka, ndiye aliyemfundisha kuziba pancha, na ugonjwa huu ulimchukua kabla dawa hazijawafikia. Nyumbani walisema ni kifua. Tangu azikwe, hakuna aliyelitaja jina lake. Angeanza habari za chanjo, angeulizwa kwa nini alijitolea, na hilo hakuwa na mdomo wa kulisema.

Mpishi akasogea karibu. "Aliitwa nani?"

Fundi akalitaja. Akalitaja tena, polepole.

"Jina zuri," mpishi akasema. "Tutampa mwanetu."