Mchoro wa Kitambaa cha Madhabahu

Sitadanganya: nilimwonea nyieka wangu wivu mpaka chakula kikakosa ladha. Nyieka ni mwanamke mwenzako mlioolewa boma moja. Wangu ni mke wa shemeji. Yeye anaishi Kendu Bay karibu na mama mkwe, mimi niko Suna, na sote tunafuma vitambaa na kuviuza kwa tovuti. Akina mama wa kanisa lao walipotaka kitambaa cha madhabahu, walisema kila mmoja wetu aweke mchoro kwa ukurasa wake, wao watachagua.

Mchoro wetu ni visanduku: cheusi ni uzi, cheupe ni tundu. Nilichora msalaba na zabibu huku mtoto akininyonya, nikaupandisha. Mama mkwe akapiga simu, akiniita binti wa Kehancha kwa Kijaluo kama kawaida yake.

"Nyar Kehancha, picha yako imeota ukungu? Ya mwenzako mimi na macho yangu haya nahesabu visanduku!"

Mwenzako! Kila siku mwenzako. Nilifungua ukurasa wake, nikaivuta picha kwa vidole ikakua. Kona za visanduku kali kama wembe. Yangu ilikuwa na vumbi la kijivu pembeni mwa kila mstari. Nilikuwa nimesikia PNG, aina nyingine ya faili ya picha, ndiyo dawa, basi nikafuta "jpg" mwishoni mwa jina la faili, nikaandika "png". Vumbi likabaki palepale. Nikapiga meza, mtoto akaanza kulia.

Ilibidi nimpigie nyieka simu. Alicheka, bure kabisa huyo.

"Nyieka, ukiandika 'omena' kwa gunia la mahindi, litanuka samaki?"

"Niambie tu ama nikate."

"JPEG, hiyo jpg yako, hutupa vitu vidogo ndiyo faili iwe nyepesi. Kwa picha ya sura ya mtoto huoni, kwa mstari mwembamba unaona. Na ikishatupa, hairudi. Enda kwa mchoro wako wa kwanza kabisa, uuhifadhi PNG kutoka hapo. PNG ni kama kukunja shuka: ukikunjua, ni ileile."

"Basi nitageuza picha zote."

"Wee! Picha ulizopiga za vitambaa vya makochi ziache JPEG. Zenye rangi nyingi hivyo, zikiwa PNG zitakuwa nzito, ukurasa utagoma kufunguka kwa simu ya mama."

Alijua yote, na kwa sauti tamu. Heri angenidanganya, ningemchukia vizuri.

Nilifanya alivyosema. Mchoro ukatoka mkali, na faili ikawa nyepesi kuliko ile ya kwanza. Nilikaa nikaitazama, hasira zikinipanda, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.

Jumapili akina mama wakachagua mchoro wangu. Nilikuwa nimeenda huko Kendu Bay na mtoto mgongoni, nikasimama nishukuru. Mama mkwe akanitangulia.

"Msimsahau huyu wangu wa hapa. Bila yeye, huyo wa Suna angejua?"

Kanisa lote likampigia nyieka makofi. Mimi nikaketi, nikaanza kupiga hesabu ya uzi wa kitambaa chao.