Simu ya Jikoni kwa Regina Pytlak

Regina Pytlak aliingia kwenye muziki wa panki, ule wa magitaa na makelele, akiwa na miaka hamsini na nne, na aliingia ameshika mti wa kusukumia unga wa pierogi, sambusa za Kipolandi za kuchemsha. Alikuwa amekwenda kupiga mtu. Mumewe Stan alikuwa na miezi minne kaburini, na vijana waliopanga nyumba ya jirani walikuwa wamehamishia magitaa yao gereji, wakirudia wimbo mmoja tangu mchana, na kila wakifika katikati wanaukosea palepale. Regina aliusukuma mlango wa gereji akawakuta watatu wamevaa makoti, pumzi zinawatoka kama moshi kwa baridi.

"Mara ya kumi na moja hiyo mnaanguka palepale!" aliwafokea. "Hamna masikio?"

Binti aliyeshika gitaa, mrefu, kichwa kimenyolewa upande mmoja, hakuomba radhi. Jina lake Corliss. "Palepale wapi, shangazi? Hebu tuonyeshe."

Regina akawaonyesha, kwa mdomo na kwa kugonga mti wake juu ya pipa. Stan alikuwa amepiga kodiani kwenye harusi za Wapolandi wote wa mji wa Hamtramck, Marekani, kwa miaka thelathini, na mkewe alikaa kando miaka yote hiyo akihesabu mapigo. Vijana walijaribu tena, wakapita salama. Aliporudi nyumbani unga ulikuwa umekaukia mezani, wala hakujali.

Basi ndivyo alivyoanza. Siku za kazi alishona viti vya magari kiwandani. Jumapili alikwenda misa ya saa nne, akala, akabadilisha viatu, akaziba masikio kwa pamba, na saa tisa alasiri alikuwa chini ya nyumba ya mtu, kwenye chumba cha boila na mashine ya kufulia, kati ya watoto wenye nywele za kijani wanaosukumana kama mbuzi mlangoni. Aliwapelekea soseji, wakamwita shangazi. Kaka yake padri alimuuliza kama amerogwa. Akamjibu kuwa amechoka kukaa na mavazi ya Stan.

Mwaka wa pili wakampa kazi. Maonyesho yale ya majumbani hayakuwa na kibali cha mtu yeyote, kwa hiyo anwani haikuandikwa popote. Kwenye karatasi zilizobandikwa nguzoni iliandikwa jina la nyumba tu, na kila nyumba ilikuwa na jina lake. Nyumba ya Corliss iliitwa Kabichi, kwa harufu ya majirani. Aliyetaka kujua Kabichi iko wapi alipiga simu jikoni kwa Regina. Mashine ya kujibu simu ilimsomea maonyesho ya wiki kwa sauti ya Regina, kavu kama ya karani wa mahakama. Akitaka anwani, apige kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, Regina mwenyewe ainue, naye amuulize swali moja: "Nani wako?"

Yaani nani anakujua, nani atasimama kwa ajili yako. Ukitaja jina, Regina alikata simu, akampigia huyo uliyemtaja, na akikubali ndipo anakupigia wewe. Huna mtu, huna anwani, hata ukilia. Mtoto wa meya aliwahi kupiga akakosa wa kumtaja. Akaambiwa atafute marafiki kwanza. Kwa miaka mitano simu ile haikuvuja hata tone, na watu walijivunia hilo kama wanavyojivunia kanisa.

Kuna mambo mawili ya kujua kuhusu mashine ile. Ukichelewa kuinua simu, ikawahi kuitika yenyewe, ilirekodi mazungumzo yote mpaka mwisho. La pili, Regina hakutupa kitu. Kaseti zikijaa alizitia ndani ya kasha la viatu chini ya sinki, na bendi iliyotaka kurekodi mazoezi ilijichukulia bure.

Aliyezichukua kuliko wote alikuwa Tobin, mpiga dramu mpya wa bendi ya Corliss. Alikuwa ametoka kijiji fulani cha kaskazini, hana ndugu mjini, mwembamba, mkimya, anakula kama mtu anayejaza gunia. Kila Jumatano alikula kwa Regina. Nani wake? Aliyesimama kwa ajili yake alipokuja alikuwa Regina mwenyewe, kwa kuwa alimkuta amekaa ngazini kwake kwenye theluji, bila kujua ni kwa nani, akisubiri ifike saa kumi na mbili apige simu ya kibandani, na hakuwa na wa kumtaja.

Sasa njoo kwenye Jumanne ile ya mwezi wa tatu. Regina alikuwa anaosha vyombo simu ilipolia. Mikono ina povu, akachelewa, mashine ikawahi. Akainua.

"Ni wewe mwenyewe?" Sauti ya mwanamume, laini, ya mtu aliyesoma. "Siamini. Nimekusikia miaka yote kwenye mashine, nikasema lazima siku moja niongee na huyu mama. Unajua watu wanasemaje? Bila wewe hakuna panki mji huu."

"Aa, wapi! Mimi mshona viti tu."

"Mshona viti! Mama, wewe ndiye uti wa mgongo. Hawa watoto wangekuwa wapi?"

Hapo Regina akacheka. Hakucheka cheko lake la kawaida. Alicheka kama msichana aliyeombwa kucheza muziki. Alikuwa na miaka sitini, kiwandani msimamizi alimwita kwa namba, na hakuna mwanamume aliyemsifu tangu Stan, ambaye naye hakuwa mtu wa sifa. Alivishwa kilemba cha ukoka na akainamisha kichwa kisimdondoke. Jamaa alipouliza Kabichi iko wapi, swali la "Nani wako?" halikumjia hata kwa mbali.

"Mtaa wa Gorski, namba elfu mbili mia nne kumi na nane," alisema. "Usipige kengele, zunguka nyuma. Na ngazi za kushukia, mwanangu, angalia ubao wa nne, umevunjika, usije ukaumia."

Jumapili gazeti likatoka na ukurasa mzima. Anwani ipo. Mlango wa nyuma upo. Hata ubao wa nne upo, umeelezwa kwa mzaha. Jumatatu wakaguzi wa majengo walishuka ngazi zile wakiruka ubao wa nne, na Jumanne mwenye nyumba, ambaye alidhani amepangisha watu wa kufuma sweta, aliwapa Corliss na wenzake siku thelathini wahame.

Regina alisoma gazeti hilo amesimama, akalisoma tena amekaa. Alijua. Uso ulimwaka mpaka akaenda kuunawisha maji baridi. Angeweza kuvuka uani saa ileile akamwambie Corliss. Akajiambia kesho.

Jumatano walikutana Kabichi, watu kumi na tano hivi, chini, kati ya masanduku. Corliss alikuwa na macho mekundu.

"Kuna mtu katoa anwani," alisema. "Shangazi, samahani, nakuuliza kwa utaratibu tu. Wiki ile nani alipiga kuuliza Kabichi?"

Watu wote walimtazama Regina, na walimtazama kwa heshima. Hapo ndipo pabaya. Wangemtazama kwa shaka, pengine angesema.

"Hakuna mgeni," alisema. "Mimi sijampa mtu."

"Nilijua," alisema Corliss. "Simu ya shangazi haivuji. Basi ni humu ndani."

Ndipo mmoja akakumbuka kwamba Tobin alionekana duka la sahani za santuri akiongea na jamaa mwenye koti refu. Mwingine akakumbuka kwamba Tobin ana miezi saba tu. Mambo hukumbukwa haraka anapotafutwa wa kuyabeba.

"Aliniuliza saa," alisema Tobin.

"Saa! Mtu mzima na koti lake hana saa?"

"Mlete baba yako wa gazetini aje atubebee amplifaya, basi!"

"Sijasema kitu, Corliss. Wallahi sijasema." Akamtazama Regina, kama mtoto anavyomtazama mama yake shuleni. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wake. Neno moja tu lingetosha: namjua, hawezi.

Regina aliinama akafunga kamba za viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimefungwa tayari.

Tobin akatolewa kwenye bendi jioni ileile. Hakuna bendi nyingine iliyomchukua, na karatasi zikaanza kubandikwa zenye neno chini kabisa: Tobin asije. Cha ajabu, tangu siku ya pili yake aliacha kujitetea. Akiulizwa alinyamaza, na watu walisema, mnaona, mwenye hatia hana maneno. Regina naye aliposikia kwamba kijana amenyamaza, moyo wake ulitulia. Nalisema kama lilivyo: ulitulia, akalala usingizi mzuri usiku huo, na asubuhi alipoamka akakumbuka kwamba amelala vizuri, hakuweza kujitazama kwenye kioo cha bafuni. Uso umeumbwa na haya, wazee walisema, na wake ulikuwa umeanza kazi yake.

Jumatano zikapita mbili, sahani ya Tobin haijaguswa. Kila jioni Regina aliinua simu na kuuliza, "Nani wako?" na kila mara swali lilimchoma ulimi. Aliungama kwa padri, siyo kaka yake, mwingine wa parokia ya mbali. Padri akampa Salamu Maria kumi. Alizisali zote, na hakuna kilichobadilika, maana siyo Maria aliyefukuzwa kwenye bendi.

Jumamosi moja mchana alifunga sufuria ya pierogi kwa taulo akaenda kwa Tobin, chumba kimoja juu ya fundi wa matairi. Njiani alipanga maneno. Angesema huenda alitamka neno bila kujua. Angesema simu ni nyingi, umri nao. Maneno yalikuwa mazuri, yenye mito laini ya kuangukia.

Tobin alifungua mlango. Dramu zake zilikuwa zimerundikwa ukutani, zimefunikwa shuka.

"Karibu," alisema, bila kusema shangazi.

"Nimekuletea za viazi. Tobin, mwanangu, nilikuwa nafikiria hili jambo la gazeti. Unajua simu ni nyingi, mtu huenda..."

"Ngoja." Alikwenda dirishani, akarudi na kaseti, akamwekea juu ya mfuniko wa sufuria. Ubavuni ilikuwa na mwandiko wa Regina mwenyewe: mwezi wa tatu, imejaa.

Regina aliitazama. Alilikumbuka lile povu mikononi, na taa nyekundu ya mashine ikiwaka muda wote aliokuwa akicheka. Aliikumbuka Jumatano iliyofuata, Tobin akichutama kwenye kasha chini ya sinki.

"Umeisikiliza," alisema.

"Usiku ule ule waliponifukuza. Nilitaka kurekodi juu yake, nikaisikia sauti yako."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba aliyenitoa kwenye theluji ndiye huyu?" Sauti yake haikuwa ya upole, wala hakuwa malaika, alikuwa na hasira iliyokaa muda mrefu. "Nikajiambia, atakuja kesho kusema mwenyewe. Kesho ikifika nasema kesho. Leo siku ya kumi na nane. Umekuja, na umekuja na *huenda*."

 Regina aliona haya. Aliiacha sufuria mezani, akachukua kaseti, akashuka ngazi za fundi wa matairi ameshika ukuta.

Nyumbani hakuvua koti. Alitoa kaseti ya maonyesho kwenye mashine, ile inayowasomea watu, na badala yake akaweka ya Tobin, ameirudisha mpaka palipoanza yale mazungumzo. Cheko likiisha na anwani ikiisha, aliongeza kwa sauti yake ya karani: "Huyu ni mimi, Regina. Sikumuuliza nani wake. Tobin hakusema kitu, mimi nilijua, nikanyamaza siku kumi na nane." Kisha akavuta kiti akakaa kando ya simu.

Simu ya kwanza ililia saa kumi na mbili kasoro kidogo. Hakuinua. Mashine ikaitika, na jiko zima likajaa yule msichana wa miaka sitini akicheka, aa, wapi, mimi mshona viti tu. Aliyepiga alisikiliza mpaka mwisho, akapumua, akakata. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu mtu alisema, "Mungu wangu," akakata. Kila mara Regina alilisikia lile cheko lote, na hakupunguza sauti. Ya nne, ya tano. Mji mdogo ule, habari ilikuwa inatembea kwa miguu yake.

Saa moja kasoro robo cheko lilipoisha, na anwani, na ubao wa nne, mtu hakukata.

"Inua, shangazi," ilisema sauti ya Corliss. "Najua umekaa hapo. Naiona taa yako kutoka uani."

Regina akainua.  Nyuma ya Corliss zilisikika sauti za watu wanaofunga masanduku kwa utepe wa gundi.

"Jumapili ijayo tunapiga mara ya mwisho, kabla hatujahama," alisema Corliss. "Kwenye nyumba nyingine. Siwezi kukutajia."

"Sijaomba."

"Ungependa kuja?"

"Ningependa," alisema Regina.

Corliss alivuta pumzi. Hakusema kwa kukomoa. Alisema kama mtu anayefuata utaratibu aliofundishwa, tena na huyuhuyu anayemuuliza.

"Nani wako?"

Regina alifumbua mdomo. Alipitisha majina ya mji mzima kichwani, bendi na bendi, chumba na chumba, na lililokuja lilikuwa moja tu, la kijana aliyemtoa kwenye theluji. Alikuwa amelishika ulimini, na haya zikamzuia kulitaja.