Y Ndani ya Punje ya Simsim

Sisi tuliokulia Koboko, mji wa Uganda karibu na mpaka wa Sudan, miaka ile watu walipokuwa wamerudi kutoka ukimbizini, tulijua kusoma vijiko kabla ya kusoma vitabu. Nikisema sisi, nina maana ya watoto wa nyumba yetu na majirani wawili watatu, kwa sababu baba yetu, Yusuf, alikuwa sonara, na baraza ya nyumba ndiyo iliyokuwa karakana yake. Walio rika langu wataikumbuka: fuawe ya kufulia fedha iliyokaa juu ya gogo, mvukuto wa ngozi ya mbuzi, na harufu ya mkaa iliyochanganyika na harufu ya gurusa, mikate ya ngano alizokuwa akipika mama upande wa pili wa ukuta. Gurusa moja nene na kikombe cha chai ya maziwa vilitupeleka shuleni na kuturudisha. Watoto wa siku hizi wanabeba biskuti ndani ya karatasi inayong'aa na saa nne wameshachoka.

Shuleni Ijumaa tulikwenda na fagio au jembe, kalamu baadaye. Jioni tulicheza kwepena, kukwepa mpira wa matambara, mpaka malori ya Oraba, kule mpakani, yalipopita na vumbi likatuficha sisi na mpira pamoja. Kisha mimi, mtoto wa kwanza, niliitwa barazani.

Nyumba nyingi za mji wetu zilikuwa na masanduku ya chuma yaliyoachwa na babu waliokuwa askari. Humo mlikuwa na vijiko, sinia, bakuli za sukari na bangili nzito za kutoka Sudan. Watu walimletea baba vitu hivyo avifanye bangili mpya za harusi. Hakuyeyusha kitu chochote kabla ya kukigeuza na kutafuta chapa. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na moto, kwa hiyo tangu nikiwa na miaka saba nilikuwa macho yake. Alinipa kioo cha kukuzia na kusema, "Soma."

Nami nikasoma. Simba anayetembea, mguu mmoja juu: Waingereza wameipima, ni fedha ya kweli. Nanga: imepimwa Birmingham, mji ambao, kwa alivyoambiwa baba na ofisa mmoja wa zamani, hauna hata bahari. Kichwa cha chui: London. Herufi moja peke yake: mwaka. Na mwisho, herufi mbili au tatu zilizokaa pamoja: fundi mwenyewe. Baba alizipenda hizo za mwisho kuliko simba. "Huyu mutu alikufa zamani," alisema, "lakini ukiuliza nani alifanya hii kazi, anaitika."

Vitu vilivyotoka Misri vilikuwa na paka. Mdogo wangu Juma alibishana nami kila siku, kwa sababu simba aliyesuguliwa miaka mingi hupoteza manyoya na kufanana na paka. "Huyu ni nyau," alisema. "Nyau wa Waingereza." Baba alicheka mpaka akaweka koleo chini.

Kulikuwa pia na vijiko vyenye herufi nne, E, P, N na S, kila moja ndani ya kisanduku chake, zimejipanga kwa heshima kama chapa halisi. Vijiko hivyo baba hakuvichanganya na fedha. "Hii iko na koti ya fedha tu," alisema. "Ndani hakuna." Vipini vyake alivigonga na kuvikunja, akatengeneza bangili za mfano ili wateja wachague nakshi. Zilikuwa nyeupe na nzuri, zikatundikwa kwenye kamba moja ukutani. Hazikuwa na chapa.

Chapa ya baba ilikuwa Y ndani ya punje ya simsim, imechongwa kwenye ncha ya msumari wa chuma. Aliipiga mwisho, baada ya kusugua bangili kwenye jiwe jeusi la kupimia fedha na kuridhika. Hakuna mwingine aliyeigusa. Kwa maana siku ya harusi, kabla bangili haijapita mkononi mwa bibi harusi, shangazi yake aliichukua, akaigeuza, akatafuta chapa kwa ukucha. Wanawake wote walinyamaza. Ukucha ukishaikuta ile punje, shangazi alisema, "Iko," na vigelegele vikaanza. Isipokuwepo, bangili ilirudishwa kwa bwana harusi, na wakati mwingine bwana harusi naye akarudishwa kwao.

Sisi watoto tuliigiza hilo kila likizo. Tulikuwa na bibi harusi, ambaye daima alikuwa mdogo wetu wa mwisho, Hawa, kwa sababu hakuweza kukataa. Tulikuwa na shangazi. Na tulikuwa na bangili ya mfano iliyoazimwa kwenye kamba. Binti wa jirani aliyekuwa shangazi siku moja aliigeuza, akapapasa, akatamka mbele ya wote, "Hakuna. Harusi imekufa." Walinicheka mimi, binti wa sonara. Nilikuwa na miaka tisa. Kesho yake Ijumaa baba alipokwenda msikitini, nilichukua msumari na nyundo nikaipiga chapa bangili ile. Nakshi ikisimama sawa, Y ilitoka kichwa chini, mguu juu, lakini ilitoka. Nikaiacha bangili juu ya fuawe nikaenda kuwaita wenzangu.

Niliporudi haikuwepo. Mtu mmoja wa kutoka ng'ambo ya Oraba alikuwa amefika, lori linamngoja barabarani, anataka bangili ya harusi. Mama alimwambia angoje sonara atoke msikitini. Yule mtu akaiona juu ya fuawe. Mama aliigeuza, akatafuta kwa ukucha, akaikuta, akamuuzia. Mama hakuwa na kosa. Maisha yake yote alifundishwa kwamba ukucha ukiikuta, maneno yamekwisha.

Sikusema kitu mpaka jioni, baba alipoiangalia kamba na kuona nafasi. Nilimwambia. Sikupigwa. Aliuliza swali moja tu: "Ilikaa sawasawa?" Nikamwambia ilikaa kichwa chini. "Vizuri," akasema. "Itajulikana."

Asubuhi alipanda baiskeli kwenda Oraba. Lori lilikuwa limeshavuka, na upande wa pili vita vilikuwa vimeanza kusogea, hakuruhusiwa kupita. Alizunguka kwa wabadilisha pesa na mawakala wa forodha, mmoja mmoja, akiwaambia, "Iko bangili moja ya uongo na chapa yangu. Y inasimama na kichwa. Mutu akikuja nayo, mwambie Yusuf iko na ya kweli yake." Wengine walimcheka. Fundi gani anakwenda mpakani kutangaza uongo wake mwenyewe? Rafiki zake walimshauri abadilishe chapa, aanze upya. Alikataa. "Nikibadilisha," alisema, "zote za kweli zitabaki yatima."

Wiki ile aliyeyusha fedha bora aliyokuwa nayo, kijiko cha simba na nanga, akatengeneza bangili moja. Aliisugua kwenye jiwe. Hakuipiga chapa. Aliifunga kwenye kitambaa pamoja na msumari na kusema, "Hii tutapiga mbele ya mwenyewe."

Mama alifariki nikiwa darasa la tano, baba mwaka uliofuata. Tulibaki wanne. Niliacha shule katikati ya muhula, nikabeba sanduku la zana za baba na wadogo zangu mpaka mji wa Arua, kwa dada yake mama aliyekuwa na chumba mtaa wa Mvara. Nilirekebisha hereni, nikaziba masufuria, nikanyoosha funguo. Juma alisoma, aliyemfuata Juma alisoma, Hawa alisoma. Bangili ile ilikuwa ndani ya sanduku, chini kabisa, wakati wote. Zipo siku tulilala na chai bila sukari huku fedha safi imelala chini ya kitanda. Juma aliniuliza mara moja kwa nini tunaitunzia watu ambao pengine walikwisha kufa. Nilimwambia sijui kama wamekufa. Hakuuliza tena.

Hawa alipoolewa, aliiomba. "Dada, piga chapa tu, nivae," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa bibi harusi siku zote. Baba angenikatalia?" Sikumjibu kama angekataa au la, kwa sababu nadhani asingekataa. Nilimwambia si ya kwetu. Alivaa ya kununua, na kwa miezi kadhaa alipita karibu na meza yangu bila kusimama.

Sasa nina meza yangu Arua, pembeni mwa soko, na vijana wananijua kama mama wa kusafisha pete. Wananiletea mikufu waliyoagiza kwenye simu, wakinionyesha namba ndogo, 925. "Mama, ni fedha, imeandikwa," wananiambia. Nawauliza nani ameandika. Wananitazama kana kwamba nimeuliza nani ameandika jua. Baada ya wiki mbili shingo zao ni za kijani. Mmoja, anayeleta mizigo ya bangili kutoka nje, aliona msumari wa baba akataka nimwazime siku moja tu. Watu wazima wa Koboko bado wanaiuliza Y, alisema, na zake hazina jina. Nilimpa chai, si msumari, akaenda.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, alikuja binti mmoja aitwaye Poni. Ametoka Kaya, ng'ambo ya mpaka, amepanga chumba Manibe, nje kidogo ya mji, anauza karanga ya kusaga. Alikuwa anaolewa. Alitoa bangili kwenye mfuko akaomba niisugue ing'ae. "Iko ya mama yangu," alisema. "Baba alinunua kule Koboko, vita iko, akavuka nayo. Mama alikufa nayo mkononi."

Sikuhitaji kioo. Ukucha wangu uliikuta kabla ya macho. Y ilikuwa imesimama kwa kichwa ndani ya punje yake, imechakaa, lakini inasomeka.

Nilimweleza yote, polepole, kwa sababu nilitaka kusema mara moja tu. Kwamba haikuwa fedha. Kwamba ni kipini cha kijiko. Kwamba chapa niliipiga mimi.

Aliichukua bangili, akaigeuza. Kisha akauliza, "Shangazi ya mama alitafuta chapa?"

"Lazima alitafuta."

"Akasema iko?"

"Angesema haiko, baba yako asingeoa."

Alicheka kwa sauti ndogo. "Basi mimi nilizaliwa sababu ya wewe, mama."

Nilifungua kitambaa. Nilimwambia hii ndiyo yake na kwamba imemngoja. Nilimwonyesha kwenye jiwe jeusi. Kisha nikaiweka juu ya fuawe, nikashika msumari wa baba. Tangu siku ile ya Ijumaa sikuwa nimeupiga. Mkono wangu hauna shida na kazi yoyote, lakini niliuangalia mara mbili, Y mikono juu, mguu chini, kabla ya kushusha nyundo. Nilipiga mara moja.

Ile ya zamani nilitaka ibaki kwangu. Alikataa. "Hii mama alivaa," alisema. Baba alikuwa amenifundisha kwamba chapa ya uongo haifutwi, inakatwa kwa mstari, ili atakayesoma ajue ilikuwepo na ajue imekataliwa. Nilichukua tupa, nikaikata kwa mstari mmoja juu ya Y yangu, nikamrudishia. Aliivaa mkono wa kushoto.

Jioni nilimpigia simu Hawa kumwambia imeondoka. Aliuliza, "Uliipiga sawasawa?" Nilimjibu kwamba niliipiga sawasawa. Akasema Jumamosi atapita mezani.

Siku zile mtu alikuwa na jina dogo kuliko punje ya simsim, na aliendesha baiskeli mpaka mpakani kwa ajili yake. Siku hizi majina ni makubwa, yameandikwa kwenye vioo vya maduka na kwenye vioo vya simu, na ukigeuza kitu upande wa pili hukuti mtu. Hata hivyo siku ile, kabla ya simu hiyo, nilimtazama Poni akiondoka. Alifika kwenye kona ya wauza mihogo, akasimama katikati ya watu, akaivua ile mpya. Aliigeuza. Alipitisha ukucha ndani yake, taratibu, mpaka ukucha ukasimama. Kisha akaivaa, akaendelea na safari yake ya Manibe.