Kisa Changu Kinywani mwa Mwanafunzi

Kazi yangu ni kufundisha wanafunzi wa chuo kikuu kusimama mbele ya watu na kusema. Wengi huja na ugonjwa mmoja: wanasoma karatasi neno kwa neno, macho chini, kama mtoto anayemsomea risala mgeni rasmi. Nawanyang'anya karatasi. Nawaambia waanze na jambo lililowapata wao wenyewe, ndipo waingie kwenye mada.

Binti mmoja wa Mikumi alinishinda. Akisimama tu, sauti inakauka. "Madam, mimi sina kisa," aliniambia ofisini kwangu. "Nyumbani mama anapikia madereva wa malori, mimi naosha vyombo. Basi." Nikamwonea huruma. Nikafunga mlango, nikamsimulia jambo langu la utotoni ambalo hata mume wangu sijawahi kumwambia, ili ajue kuwa mimi nami niliwahi kuogopa. Alilia. Nilidhani ananililia mimi, kumbe alikuwa anakihifadhi kisa changu.

Mwisho wa mafunzo kwa vitendo, wanafunzi waliwasilisha kazi zao Kilosa mjini, mbele ya wakulima ambao wao walikuwa wamewahoji kuhusu uhifadhi wa mahindi. Kilosa ni kwetu. Nilimwalika baba, mstaafu wa reli, aje aone kazi ninayoifanya. Alivaa koti, akakaa mstari wa pili. Vijana walipita mmoja mmoja kumwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa kila mmoja bila kuchoka. Nilijivuna, sifichi.

Binti wa Mikumi akasimama bila karatasi. Sauti ilitoka safi.

"Nilipokuwa darasa la nne," alianza, "nilichaguliwa kusoma risala siku ya kufunga shule. Nilipouona ule umati, nikajikojolea palepale jukwaani. Baba yangu akanyanyuka, akatoka nje. Tangu siku ile nikajua baba ananionea aibu."

Jukwaa langu, sketi yangu, baba yangu! Hata pale alipotua kuvuta pumzi ni mimi niliyemfundisha. Watu walipiga makofi kabla hajafika kwenye mahindi. Nilitamani nimshushe kwa kumvuta sikio. Badala yake nilimpa alama za juu, kwa sababu alizistahili, na hilo liliniuma kuliko yote.

Baadaye nilimbana mlangoni nikamuuliza kwa nini. "Madam, ulisema tuanze na kitu kitakachowagusa watu," alinijibu bila kuinamisha macho. "Si kimewagusa?"

Nilirudi na baba kwa miguu hadi nyumbani kwake. Tulipovuka reli, akapunguza mwendo.

"Yule mtoto wa risala ni wewe," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilitoka kumwomba mama mmoja kanga nikufunike. Niliporudi walishakupeleka nyumbani. Nikakukuta umelala, nikaona nisikukumbushe."

Hasira zikanipanda upya. Nikamlaani yule binti, nikamwita mwizi, nikasema nitamshtaki chuoni. Baba akasimama.

"Yule binti mimi nimemjua leo," alisema. "Wewe umekaa kwangu, umekula kwangu, mpaka nikakuoza, na moyoni unawaza kwamba nakuonea aibu. Mtu baki ukamwambia. Mimi ukaninyima."

Tulikuwa tumefika. Akafungua mlango, akaingia ndani bila kunisubiri.